Nani Atamshika Mtoto?

Mada iliyotolewa kwa viongozi wa jumuiya ndogo ndogo na vyama vya kitume, Nyanda za Juu Kusini



Tumeombwa tuzungumze nanyi juu ya wazazi wenye watoto wadogo, na tunajua kwamba baadhi yenu mmestaajabu. Mmezoea kutuona tukija kuzungumza juu ya migogoro ya mashamba, juu ya uchaguzi, juu ya wajane wanaonyang'anywa nyumba, na juu ya ndugu zetu walioko mahabusu. Malezi ya watoto, mtasema, ni mada ya akina mama, nayo ina siku yake. Basi tuanze hapo hapo. Kwa muda mrefu mada hii imeachiwa akina mama peke yao, na tunaamini kwamba huko kuachiwa ndiko kulikoifanya iwe mada ya haki. Dhuluma ya kwanza inayompata binadamu katika vijiji vyetu humpata kabla hajajua kutamka jina lake, na mara nyingi haifanywi na mtu mwovu. Hutokea kwa sababu mama yuko shambani, baba yuko safarini au kilabuni, bibi amechoka, na hakuna wa kumshika mtoto.

Tutazame kwanza hali yetu ilivyo. Uchunguzi wa kitaifa wa afya uliofanyika mwaka 2022 uliwapima watoto wa chini ya miaka 5 katika nchi nzima. Kwa Tanzania yote, watoto 30 katika kila 100 walionekana wamedumaa, yaani kimo chao ni kifupi kuliko kinavyotakiwa kwa umri wao. Katika uchunguzi wa 2015/16 walikuwa 34, kwa hiyo nchi ilisogea mbele kidogo. Lakini mkoa wa Iringa ulikuwa na watoto 57 katika 100, Njombe 50, Rukwa 50. Mikoa hiyo ndiyo inayolima mahindi, viazi na maharage yanayoliwa Dar es Salaam na hata nje ya nchi. Maroli huondoka kwetu yamejaa, nasi tumeongoza nchi nzima kwa watoto waliodumaa.

Tafadhali msituelewe vibaya. Udumavu hauna maana ya ufupi wa ukoo. Wapo wanaosema, "Sisi tu wafupi tangu mababu." Mtoto aliyedumaa ni mtoto ambaye mwili wake ulikosa mahitaji katika siku zile 1,000 za mwanzo, kuanzia kutungwa mimba hadi kutimiza miaka 2, na kile kilichokosekana wakati huo katika ubongo na katika mifupa ni vigumu sana kukirudisha baadaye. Shuleni ataambiwa ni mzito wa kuelewa. Huenda akachapwa kwa ajili hiyo. Kosa lilitendeka miaka mingi kabla, na yeye hakuwamo katika shauri hilo.

Sasa, je, chakula hakipo? Kipo. Ndiyo maana jibu la kupeleka mahindi zaidi haliwezi kuwa jibu letu. Tuwaombe mtafakari pamoja nasi siku moja ya mama mwenye mtoto wa mwaka 1, katika mwezi wa Januari, wakati wa palizi. Anaamka gizani. Anachota maji, anawasha moto, anapika uji kwa wote. Uji huo ni mwepesi, maana unga unapimwa na mchana ni mrefu. Anamfunga mtoto mgongoni, anachukua jembe, anakwenda shambani mwendo wa saa nzima. Kama mvua inanyesha, mtoto humwacha nyumbani kwa dada yake wa miaka 8 au 9, ambaye naye ni mtoto, na ambaye siku hiyo hakwenda shule. Mama hurudi saa 9 au saa 10, amebeba kuni. Anapika ugali na mboga za majani. Chakula kinaiva giza limeingia, mtoto amekwisha lala. Anaamshwa, anakula matonge mawili akisinzia, analala tena.

Mtoto huyo amekula mara 2. Wataalamu wa lishe hutuambia kwamba mtoto wa miezi 9 hadi miaka 2 anahitaji kula mara 3 au 4 kwa siku, na kupewa kitu kidogo katikati, na kuendelea kunyonya. Sababu yake haihitaji elimu kubwa kuieleza: tumbo la mtoto huyo halichukui zaidi ya kikombe kimoja hivi kwa mlo. Sisi watu wazima twaweza kushinda na njaa na kuifidia usiku kwa sahani iliyojaa. Yeye hawezi. Na kikombe chake kikijazwa uji ulio maji matupu, amejazwa maji.

Twamlaumu nani? Mara nyingi tumesikia katika mikutano ya hadhara viongozi wakisimama na kusema kwamba akina mama wa mikoa hii ni wavivu wa kupika, au hawana elimu ya lishe. Sisi hatukubaliani na kauli hiyo. Mama tuliyemwelezea anafanya kazi saa 15 kwa siku. Mafundisho ya lishe aliyapata kliniki, pengine anayajua kuliko huyo anayemhutubia. Anachokosa ni mikono. Elimu ni njema, nasi tutaeleza kidogo hapa chini, lakini elimu bila mikono ya kumsaidia mama humwongezea tu mzigo wa kujilaumu.

Yapo pia mambo ambayo lazima tuyakemee bila kuzunguka. Majira ya ulanzi yanapoingia, wapo wazazi wanaowapa watoto wadogo ulanzi ule mtamu wa asubuhi, mtogwa, wakidhani ni sawa na maji ya matunda. Ulanzi hauachi kuchacha kwa sababu umewekwa katika kikombe cha mtoto. Na hata kabla haujachacha, unamjaza tumbo na kumfukuzia hamu ya chakula. Kisha yapo mayai yanayokusanywa yote kwenda kuuzwa mjini, nyumba isibakize hata moja kwa mtoto. Yapo maparachichi ya Njombe, yanayonunuliwa na watu wa ng'ambo kwa kuwa wamejua faida yake; yale yasiyokubaliwa na mnunuzi kwa sababu ya doa au ukubwa, nyumba nyingi huyatupia nguruwe, ilhali yakipondwa ni chakula cha mtoto kisichohitaji hata moto.

Ndugu wapendwa, ni vema tukumbuke kwamba jambo hili si geni kwetu, na kwamba ni katika ardhi hii hii watu waliwahi kuonyesha namna ya kulishughulikia. Wazee waliopo hapa watakumbuka. Mwaka 1983 ulianzishwa katika mkoa wa Iringa, ambao wakati huo ulikuwa na Njombe, Makete na Ludewa ndani yake, mpango wa lishe uliosaidiwa na Shirika la Afya Duniani na UNICEF kwa fedha za serikali ya Italia. Ulianza katika vijiji 168. Watu wengi wakisikia fedha za Italia hudhani kwamba vilikuja vyakula kwa meli. Sivyo ilivyokuwa. Msingi wa mpango ulikuwa mzani.

Kila baada ya miezi 3 kijiji kilikuwa na siku ya afya. Watoto wote wa chini ya miaka 5 waliletwa, wakapimwa uzito hadharani, na uzito ukawekwa katika kadi yenye rangi: kijani kwa aliye salama, kijivu kwa aliyepungua, nyekundu kwa aliye hatarini. Hesabu ikajumlishwa, ikapelekwa katika serikali ya kijiji. Hapo ndipo tunapotaka mtazame sana. Halmashauri ya kijiji, ambayo wajumbe wake wengi walikuwa wanaume, ililazimika kukaa na kujadili: watoto wetu wangapi wamo katika nyekundu, ni wa nani, kwa nini, na tufanye nini kwa uwezo tulio nao? Vijiji vingi viligundua wenyewe kile tulichokwisha kusema, kwamba mtoto halishwi mara za kutosha kwa sababu mama hana nafasi. Vikaanzisha vituo vya kulishia watoto na kuwalea mchana, unga ukitoka kwa wanakijiji wenyewe.

Kati ya mwaka 1984 na 1988, katika vijiji hivyo vya mwanzo, watoto wenye uzito pungufu walishuka kutoka 56 hivi katika 100 hadi 38. Wale wenye utapiamlo mkali, ambao wengi wao hufa, walishuka kutoka 6.3 hadi 1.8 katika 100. Uzito na kimo ni vipimo viwili mbalimbali, kwa hiyo msizilinganishe hesabu hizi moja kwa moja na zile za 2022. Lakini jambo moja ni wazi. Katika miaka michache, watu wa mkoa huu, pasipo kutajirika, walipunguza mateso ya watoto wao kwa kuyahesabu na kuyajadili hadharani. Habari zake zilisomwa duniani kote. Sisi wenyewe tumezisahau, na vijana wetu wengi hawajapata kuzisikia.

Siku hiyo ya kijiji ipo hata leo. Inaitwa Siku ya Afya na Lishe ya Kijiji, nayo hutakiwa kufanyika kila robo ya mwaka. Tumeuliza katika vigango kadhaa. Mahali pengine inafanyika vizuri. Mahali pengine hufanyika kwa mtendaji kutuma ujumbe asubuhi ile ile, wakaja akina mama saba, watoto wakapimwa mzunguko wa mkono, karatasi ikajazwa ikapelekwa wilayani. Hesabu hairudi kijijini. Mzani uliokuwa ukikisemesha kijiji umekuwa ukizisemesha ofisi tu. Basi pendekezo letu la kwanza kwenu viongozi wa walei ni jepesi: ulizeni tarehe. Mwulizeni mwenyekiti wa kijiji siku hiyo itakuwa lini, itangazwe kanisani Jumapili inayotangulia kama zinavyotangazwa ndoa, na matokeo yake yasomwe katika mkutano mkuu wa kijiji, bila kutaja majina ya watoto. Mwananchi anayo haki ya kuyasikia.

Tugeukie wazazi walio kazini. Mufindi wapo wanaochuma chai, wapo walio katika misitu na viwanda vya mbao, na mijini wapo walimu, wauguzi, wahudumu wa maduka na hoteli. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 yampa mama aliyejifungua likizo ya siku 84 yenye malipo, na siku 100 akijifungua watoto zaidi ya mmoja kwa wakati mmoja. Akirudi kazini, sheria yamruhusu kumnyonyesha mtoto katika saa za kazi, hadi saa 2 kwa siku. Marekebisho yaliyoanza kutumika mwaka 2025 yakamfikiria pia mama aliyejifungua mtoto njiti, akaongezewa muda. Baba naye anapewa siku 3, ambazo tunakiri kwamba ni chache, lakini tunauliza ni wangapi kati yenu akina baba mlizichukua, na mlizitumia kufanya nini.

Shida ni kwamba haki hizi hukaa kwa yule mwenye mkataba mkononi. Kibarua anayelipwa kwa siku, au kwa kilo alizochuma, hamwoni mwajiri akimpa siku hata moja. Akijifungua anakaa nyumbani bila senti, na njaa ikimbana anarudi kazini mtoto akiwa na mwezi mmoja au miwili. Hapo yale mafundisho ya kumnyonyesha mtoto maziwa ya mama peke yake kwa miezi 6 yanageuka kuwa dhihaka. Wapo miongoni mwetu hapa wenye mashamba na wenye kuajiri vibarua, na wapo wenye maduka. Tunazungumza nanyi pia, kwa heshima. Kivuli kidogo pembeni mwa shamba, maji safi, mtu mzima mmoja wa kuwatazama watoto, na ruhusa ya kwenda kunyonyesha pasipo kukatwa ujira, havitamfilisi mtu.

Kuna upande mwingine wa jambo hili ambao ni mchungu kwetu. Mama wa mjini anaweza kwenda kazini kwa kuwa yupo msichana anayebaki na mtoto wake. Msichana huyo ametoka wapi? Ametoka huku kwetu. Tangu zamani Iringa imejulikana Dar es Salaam kama mahali pa kutafuta wasichana wa kazi, na wengine husifia hata tabia zao, kana kwamba wanasifia mbegu. Sheria haimruhusu mtoto wa chini ya miaka 14 kuajiriwa, lakini tunajua wanapandishwa basi wakiwa na miaka 12, kwa ahadi ya cherehani au ya kusomeshwa. Mtoto analelewa na mtoto, na mama wa yule wa pili ameachwa kijijini na wadogo zake, bila msaidizi. Katika jumuiya zenu, anapokuja shangazi kutoka mjini akiwa na zawadi na maneno matamu, mzee wa jumuiya anaweza kuuliza maswali matatu tu: binti ana miaka mingapi, atalipwa kiasi gani, na atapiga simu nyumbani kwa namba ya nani. Jibu likikosekana kwa moja kati ya hayo, asipande basi.

Wapo pia wasichana waliozaa wakiwa shuleni. Tangu Novemba 2021 serikali imeruhusu warudi katika masomo baada ya kujifungua, nasi tulifurahi. Lakini ruhusa haimshiki mtoto. Binti atarudi darasani iwapo mama yake, au jirani, atakubali kukaa na mjukuu tangu saa 1 asubuhi hadi saa 10 alasiri. Tumeona familia zikikataa, si kwa ugumu wa moyo, bali kwa aibu ya yale yatakayosemwa na wanajumuiya. Neno hili linatuhusu moja kwa moja, maana wanaosema ni sisi.

Na wapo bibi na babu. Mikoa hii imeumizwa na ukimwi kuliko mingine yote. Makete ilizika vijana wake kwa mamia, na wazee wakabaki na wajukuu. Dawa zimeleta nafuu kubwa, tunashukuru, lakini hata leo katika nyumba nyingi anayemlea mtoto wa miaka 2 ni bibi wa miaka 70, ambaye hawezi kumkimbiza anapoelekea motoni. Moto wa jikoni, sufuria la maji ya moto, na jiko la mkaa linaloingizwa chumbani katika baridi ya Juni na Julai, milango ikiwa imefungwa, ni hatari kubwa kwa watoto wetu. Jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa huua familia nzima ikiwa usingizini. Liachwe nje, hata kama baridi ni kali kiasi gani. Blanketi moja kutoka kwa jirani laweza kuokoa nyumba.

Tukiwataja akina baba sasa, tutaambiwa tunarudia wimbo. Acha tuurudie kidogo. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 yataja wajibu wa mzazi: chakula, malazi, mavazi, matibabu pamoja na chanjo, elimu na maongozi, uhuru, hata nafasi ya mtoto kucheza na kupumzika. Haisemi mama. Yasema mzazi. Baba aliyekimbia mimba aweza kudaiwa matunzo mahakamani, na Ofisa Ustawi wa Jamii ndiye mlango wa kwanza wa kupitia. Lakini hatukuja kuwatisha kwa mahakama wale waliomo nyumbani. Tumekuja kuuliza juu ya mambo madogo. Ni nani aliyesema kwamba mwanamume hawezi kumbeba mtoto mgongoni akienda shambani? Akina mama wengine hucheka wakimwona, na kumwambia kwamba amelishwa limbwata. Nao waache kucheka. Zahanati zetu humtaka baba aje na mkewe mjamzito siku ya kwanza ya kliniki. Akikosekana, tumesikia kwamba mahali pengine mke huhangaishwa atafute barua ya mtendaji, adhabu ya mume ikamwangukia yeye. Baba anayekwenda amemwondolea mkewe siku nzima ya mahangaiko.

Tumesema vya kutosha juu ya shida. Tuje kwenye msaada ulio mikononi mwetu, na hapa tunaomba mtupe subira, maana tutaingia katika hesabu.

Chukueni jumuiya yenye kaya 20. Tuseme kaya 10 kati yake zina watoto wenye umri kati ya mwaka 1 na miaka 5, na watoto hao ni 12. Wale wachanga hubaki na mama zao, hatuwazungumzii. Katika miezi 3 ya palizi, kila siku ya kazi watu wazima 2 hubaki na watoto wote katika nyumba moja yenye uwanja, kivuli, maji na choo. Siku ni 5 kwa juma, kwa hiyo zinahitajika zamu 10. Kila kaya hutoa mtu mmoja, siku moja katika juma, na siku 4 zilizobaki inakwenda shambani huru. Dada yule wa miaka 8 anakwenda shule. Hiyo ndiyo faida yake, na haikuhitaji mfadhili.

Chakula je? Tukikadiria gramu 60 za unga kwa kikombe cha uji mzito, na vikombe 2 kwa kila mtoto kwa siku, watoto 12 watatumia kilo 1 na nusu hivi. Kwa juma ni kilo 7 na kitu. Kwa majuma 12 haifiki gunia moja la kilo 100. Gunia moja la mahindi kwa kaya 20, katika mkoa unaojaza maghala ya taifa! Waongezewe karanga zilizosagwa, lakini zichambuliwe kwa uangalifu, na yoyote iliyoota ukungu au kusinyaa itupwe, wala asipewe kuku, kwa ajili ya sumukuvu. Mahindi vivyo hivyo. Yale mabovu tunayoyatenga tusiyasagie watoto.

Na hapa ndipo elimu kidogo ya lishe inapofaa. Uji mzito mtoto hawezi kuumeza kwa wingi, uji mwepesi haumshibishi. Dawa yake bibi zetu waliijua: kimea. Ulezi unalowekwa, unaoteshwa siku 2 au 3, unakaushwa juani, unasagwa. Pikeni uji mzito sana, uacheni upoe kidogo uwe wa vuguvugu, tieni kijiko cha unga wa kimea, koroga. Baada ya dakika chache uji unalegea, ingawa hamkuongeza maji. Rudisheni motoni uchemke tena kidogo. Mtoto anakunywa kikombe chepesi chenye nguvu ya kikombe kizito. Akina mama wanaopika komoni wanakijua kimea kuliko mtaalamu yeyote. Tunawaomba ujuzi wao, mara hii kwa ajili ya watoto.

Masharti ya zamu yawe machache na yashikwe. Mtu mzima asibaki peke yake na watoto hata kwa nusu saa. Ndiyo maana tumesema 2, wala hatutakubali sababu yoyote ya kupunguza, maana tumesikia habari za watoto kuharibiwa na watu walioaminiwa. Anayekunywa siku ya zamu yake aondolewe katika orodha. Mtoto mwenye homa au anayehara hupelekwa zahanati, haletwi kituoni. Wote wanawe mikono kwa sabuni kabla ya uji. Serikali ya kijiji ijulishwe, na mhudumu wa afya ngazi ya jamii aombwe kupita mara moja kwa juma. Na iwapo baadaye mtaona vema kutoza ada na kumwajiri mlezi, hapo mmeanzisha kituo cha kulelea watoto mchana, na kituo sharti kisajiliwe kwa kupitia ustawi wa jamii. Msianze njia hiyo kabla ya kuizoea ile ya kwanza.

Swali litakuja, nasi tumekwisha kulisikia: je, watoto wa nyumba isiyosali, au ya ndugu Waislamu, au ya Walutheri waliopo jirani? Waje. Mtoto hana kadi ya zaka. Tena nyumba zinazoogopa kuja, ile ya binti aliyezaa bila ndoa, ile ya mke aliyeachwa, ile ya baba mlevi, ndizo zianze kuandikwa katika orodha. Mkiandika kwanza kaya za viongozi na marafiki zao, mtakuwa na shule ya chekechea ya watu wenye nafasi, na watoto wa rangi nyekundu watabaki walipo.

Karatasi mlizopewa zina safu nne: jina la kaya, idadi ya watoto wa chini ya miaka 5, nani huwashika wakati wa kazi, na siku ambayo kaya ipo tayari kutoa mtu wa zamu. Katika safu ya tatu andikeni kweli, hata kama jibu ni "hakuna" au "dada yake wa miaka 7". Katika safu ya nne tunaomba yaonekane na majina ya wanaume. Katekista atazipokea hadi Jumapili ya pili ya Novemba. Baada ya hapo mvua huwa zimeanza, na hatutamkuta mtu nyumbani.